Korongo wa Bwawani na Nukta Nyekundu

Leeds, 3 Septemba 1962

Mdogo wangu Avis,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, kuku wako na yule paka asiye na haya. Huku hatujambo. Mwanangu Rosalind anakusalimu sana. Mumewe, Clive, amepandishwa cheo kazini na sasa hata chumvi anaiomba mezani kwa sauti ya mkurugenzi. Nyonga yangu ni ile ile. Daktari ameniamuru nitembee kila siku mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, nami natembea, nikihesabu nguzo za taa kwa kuwa hakuna kingine cha kuangalia. Dirisha la chumba changu linatazamana na ukuta wa matofali uliotiwa weusi na moshi wa viwanda. Ni ukuta mzuri, kwa mtu anayependa kuta.

Sasa neno lenyewe. Jirani yako Bibi Thrupp, ambaye hana siri, ameniandikia kwamba Jumapili ya juma lililopita, watu wakienda kanisani, alikukuta umelala kifudifudi kwenye matope ya ukingo wa bwawa, sketi imepanda magotini na kamera yangu usoni.

Kamera yangu, Avis. Nilipohama Aprili niliiweka kwenye kabati la baba, rafu ya juu, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Sikusema nimempa mtu. Nilisema inakaa pale. Kwa kamera ile nimechukua kikombe cha chama chetu cha wapiga picha mara saba, na wewe unaigaragaza matopeni mbele ya waumini.

Siandiki kwa ubaya, nauliza tu. Miaka thelathini umekuwa ukisema bwawa linanuka na kwamba picha ni kazi ya watu wasio na nguo za kufua. Imekuwaje?

Dada yako,
Muriel


Hallingby, 12 Septemba 1962

Dada yangu Muriel,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kuwa Clive ameona mwanga. Mpe pongezi zangu, na umwambie chumvi haina cheo. Mimi sijambo. Mitufaa imezaa mpaka matawi yamelala chini, na nimeshapika chupa kumi na nne za jamu. Nne ni zenu, nitazituma nikipata sanduku. Paka amekula kifaranga wa kasisi. Tumekubaliana na kasisi kwamba ni mbweha.

Kuhusu kamera, Bibi Thrupp kakwambia kweli, ila sketi haikupanda kiasi hicho.

Ulipoondoka nyumba ilikuwa kimya mno. Siku moja nilifungua kabati la baba kutafuta nondo wanaokula nguo, nikaukuta mkoba, nikaunusa tu. Kesho yake nikautoa. Kesho kutwa nikawa nimekaa nao bwawani, sijui hata pa kubonyeza. Filamu ya kwanza ilitoka nyeusi yote. Ya pili ilitoka vidole vyangu. Hii ni ya tatu, na nakutumia slaidi tatu humu ndani. Moja ni kukuziwa, yule ndege mweusi wa majini, na vifaranga wake kwenye matete, nyingine utando wa buibui kwenye lango la bustani asubuhi ya umande, na ya tatu chura aliyekaa juu ya kiatu changu. Ziinue dirishani, mwanga upite ndani yake, uzione.

Najua ilinipasa kuomba kwanza. Niliogopa ungekataa. Ukisema niirudishe kabatini nitairudisha leo hii, sitanuna. Ila majani ya mierebi yameanza kugeuka manjano, dada, na maji yanatulia asubuhi kama hakuna aliyewahi kuyagusa. Unakumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Avis


Leeds, 20 Septemba 1962

Mdogo wangu Avis,

Asante kwa salamu. Hapa tuko salama, isipokuwa Rosalind ana mafua na Clive ana maoni. Jamu tutaipokea kwa mikono miwili.

Slaidi nimeziinua dirishani, dakika moja au mbili. Kukuziwa umemkata mkia. Mkia mweupe ule ndio kukuziwa wenyewe, ukiukata unabaki na kuku tu. Utando wa buibui ungekuwa mzuri kama lango lisingeinama kama limelewa. Chura hana kosa, aliyetetemeka ni wewe.

Kwa kuwa umeshaanza, usinitie aibu. Usimpige ndege picha ukiwa umesimama. Shuka mpaka jicho lako liwe sawa na lake, na upige akiwa amevuta pumzi, si akiwa anatembea. Asubuhi jua liwe begani kwako la kushoto. Usivae lile koti lako la bluu. Vaa la baba. Na usiende na paka.

Kamera itumie. Nimelala nalo neno hili siku tatu na ndilo hilo: itumie. Lakini korongo mwache. Unajua ninachosema. Nimemfuata ndege yule miaka kumi na moja, baridi na matope, na kitu pekee alichonipa ni mgongo wake akiruka kwenda shamba la pili. Vyura piga, buibui piga, bata, kindi, piga hata kuku wako mmoja mmoja. Korongo ni wangu. Nyonga ikipona nitakuja kummalizia kazi mwenyewe.

Usinijibu kuhusu hilo. Nijibu kuhusu matufaa.

Dada yako,
Muriel


Hallingby, 5 Oktoba 1962

Dada yangu Muriel,

Nimechelewa kuandika, nisamehe. Matufaa yameisha kuchumwa na yamepangwa darini, yasigusane, kama ulivyokuwa ukipenda. Ibada ya mavuno ilikuwa nzuri. Bibi Thrupp alileta boga kubwa mpaka kasisi akajikwaa nalo. Natumaini Rosalind amepona mafua na Clive maoni.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili, na namna haipo. Nimempata korongo.

Sikumfuata, nakuapia. Jumanne ya wiki iliyopita, alfajiri, nilikuwa nimekaa chini ya mwerebi, nimevaa koti la baba, nikingoja kukuziwa atoke na mkia wake wote kama ulivyonifundisha. Chai yangu ilikuwa imepoa kwenye chupa. Ukungu ukafunguka na yeye alikuwa ameshasimama pale, hatua kumi na mbili kutoka kwangu, mguu mmoja majini. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Majani ya mwerebi yalikuwa yameanguka juu ya maji hayaendi kokote, na kivuli chake chini yake kilikuwa korongo wa pili. Akanigeuzia jicho. Nilifanya yote uliyosema, dada, nilingoja avute pumzi. Nikabonyeza mara moja. Hakuruka. Aliondoka kwa miguu, taratibu, kama mzee anayetoka ofisini.

Filamu imerudi jana kutoka kwa wasafishaji. Sikutumii, maana ni slaidi moja tu na posta siiamini. Nadhani ni nzuri. Nakwambia hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia ambaye angejua.

Mashindano ya vuli ya chama ni Jumamosi, tarehe 17 Novemba, saa tisa alasiri, ukumbi wa kijiji. Katibu ameniomba nipeleke slaidi nne. Nataka kupeleka, na yeye akiwemo. Sheria zinasema kila slaidi ibandikwe nukta nyekundu kwenye kona moja ili Bwana Pobjoy ajue namna ya kuiingiza kwenye projekta. Unamjua: picha haangalii, anaangalia nukta. Sasa nukta inakaa kona gani? Wewe ndiye mwenye kujua mambo haya.

Mdogo wako,
Avis


Leeds, 11 Oktoba 1962

Avis mpenzi,

Hongera! Hongera sana kwa korongo. Nimefurahi mno, nimewaambia wote hapa nyumbani nao wamefurahi. Kweli kuna watu wana bahati zao.

Nukta inakaa juu, upande wa kulia, ukiwa umeishika slaidi picha ikiwa imesimama sawa. Juu, kulia. Ukikosea picha itatoka kichwa chini mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo uwe mwangalifu.

Nakutakia kila la heri. Jamu imefika, tumeila kwa mkate wa moto, tamu sana.

Dada yako akupendaye daima,
Muriel


Hallingby, 6 Novemba 1962

Dada yangu Muriel,

Salamu nyingi. Ile barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa na upendo mwingi mpaka nikaisoma mara mbili kuhakikisha ni mwandiko wako.

Jana jioni tulikuwa na moto wetu wa tarehe tano uwanjani, ule wa sikukuu ya kila mwaka. Kabla hawajauwasha nilizunguka lile rundo la kuni na tochi, nikatoa kalunguyeye wawili waliokuwa wameshajiandalia kulala humo baridi nzima. Walinichoma vidole kwa shukrani. Wako kwenye banda langu la kuni sasa, na paka amewaangalia mara moja akaamua ana shughuli nyingine.

Slaidi nne nimezipeleka kwa katibu Alhamisi iliyopita. Buibui, chura (mwingine, aliyekaa kwenye jani), kukuziwa na mkia wake, na korongo. Nukta nimebandika. Asante kwa mafundisho.

Bwana Pobjoy anakuulizia kila tunapoonana. Anasema ukumbi hauna raha siku hizi kwa kuwa hakuna anayebishana na waamuzi. Mwamuzi safari hii anatoka mjini, anaitwa Bwana Lanyon. Sijawahi kuogopa hivi tangu nilipovunja kile chombo cha maua cha mama.

Niandikie kabla ya tarehe 17, hata mistari miwili. Ningependa kusikia kutoka kwako kabla, si baada.

Mdogo wako,
Avis


Leeds, Jumanne, 13 Novemba 1962

Avis,

Natumaini u mzima na kalunguyeye wako. Huku baridi imeingia kwa nguvu. Clive amenunua kipasha moto cha mafuta kinachonuka nyumba nzima, na anakisimamia kama mtoto mchanga. Rosalind huenda ana habari njema, lakini amenikataza kusema, kwa hiyo sijasema.

Umesema umeshapeleka slaidi. Ni mapema sana kupeleka. Mimi siku zote nilikuwa nikipeleka siku ya mwisho.

Kuhusu ile nukta. Siku ile nilikuandikia kwa haraka, Rosalind alikuwa ananiita nishuke kula, na si ajabu nilikuwa nafikiria upande wa Bwana Pobjoy badala ya upande wako. Mambo haya yanachanganya. Ukipata nafasi muulize mwenyewe. Kama huna nafasi basi, si kitu kikubwa.

Usikae sana nje na baridi hii.

Muriel


Hallingby, 21 Novemba 1962

Dada Muriel,

Salamu kwa wote. Mpe Rosalind hongera ya jambo ambalo hukuniambia. Mimi sijambo, kuku wameacha kutaga.

Barua yako nimeipata Jumatatu, siku mbili baada ya mashindano. Ndani umeandika Jumanne, tarehe 13. Muhuri wa posta juu ya stempu unasema Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nimeuangalia kwa kile kioo cha kukuzia cha baba, nisije nikakuonea bure.

Sasa nikusimulie, maana Bibi Thrupp atakusimulia kwa chumvi.

Ukumbi ulijaa. Chai ilikuwa nyepesi, biskuti zikaisha kabla mimi sijafika. Bwana Lanyon alikaa mbele na tai yake ya kipepeo, akitoa alama za kila picha kwa sauti, kati ya ishirini. Buibui wangu alitoka sawasawa na akapata kumi na nne. Chura akatoka sawasawa, kumi na tano. Kukuziwa na mkia wake, kumi na sita. Kisha ikaja zamu ya korongo. Nilimwona Bwana Pobjoy anaiingiza slaidi, picha ikapiga ukutani, naye akasita. Akapeleka mkono kama anayetaka kuichomoa. Kisha akanitazama. Nikamtikisia kichwa aiache.

Ilikuwa kichwa chini, dada. Kile kivuli cha majini kilikuwa juu, kimesimama wima, na korongo mwenyewe alikuwa chini miguu juu. Nikakaza meno nikangoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yametulia mno kiasi kwamba hakuna aliyejua.

Bwana Lanyon akasimama. “Mabibi na mabwana,” akasema, “tazameni majani haya. Yametoka mtini, hayajafika chini, yamesimama hewani! Na ndege mwenyewe, tazameni alivyo laini pembeni, kama mtu anamkumbuka tu. Nimeamua mashindano miaka ishirini sijaona kitu hiki.”

Bibi Thrupp akadakia kutoka nyuma, “Mbona korongo mwenyewe anatetemeka na kivuli chake kimetulia tuli?”

“Nyamaza, mama,” mumewe akamwambia. “Hiyo ndiyo sanaa.”

“Sanaa gani? Mimi nina macho!”

“Una macho, lakini huna tai ya kipepeo. Kaa chini.”

Watu wakawacheka wao badala ya kunicheka mimi. Nikapewa ishirini juu ya ishirini. Kikombe kiko kwangu, jikoni, karibu na chupa ya siki.

Sasa nikuulize jambo moja. Slaidi zako za miaka yote ile, ni nani aliyekuwa akizibandika nukta? Kumbuka vizuri. Meza ya jikoni, mkasi, karatasi nyekundu ya gundi, kila Oktoba, miaka kumi na moja. Wewe ulikuwa ukizimwaga mezani na kwenda kuoga, ukisema kazi ile haihitaji jicho. Nukta inakaa chini, kushoto. Ningeweza kuibandika hata nimefumba macho. Na katika slaidi zako zote hakuna hata moja iliyowahi kutoka kichwa chini, wala hukuwahi kujiuliza kwa nini.

Basi kama nilijua, kwa nini nilikuuliza? Sina jibu la kupendeza. Ulipotimiza miaka kumi na miwili baba alikupa kamera. Mimi nilipotimiza kumi na miwili alinipa ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, nikubebee. Nimeibeba, Muriel. Nimekubebea mpaka mvi zikaniota, na kila ulipopewa kikombe nilipiga makofi huku roho inaniuma, na nikienda nyumbani nafua nguo kwa hasira. Ndiyo sababu nilikuwa nasema bwawa linanuka. Bwawa halijawahi kunuka. Nilikuwa nakuonea wivu tu.

Kwa hiyo nilikutega. Nilitaka uandike, “Avis, mbona unaniuliza mimi, si wewe ndiye uliyekuwa ukibandika?” Ningefurahi mwaka mzima. Hukukumbuka. Na juu ya kutokumbuka ukanidanganya. Nilizibandika tatu kama ninavyojua, na ya nne nikaibandika kama ulivyoniambia, kwa sababu nilitaka kuona kile ulichotaka kukiona. Halafu hata hicho sikukiona. Nilijiandaa kuchekwa nikapigiwa makofi, na makofi yale yameniuma kuliko kicheko, maana picha waliyoipa kikombe siyo niliyopiga. Korongo wangu alisimama juu ya miguu yake.

Katibu anataka jina la kuchonga kwenye kikombe kabla ya Februari. Nimemwambia angoje.

Kamera inakuja kwako na posta ya kesho. Ni yako, ulisema inakaa. Ndani kuna filamu, nimebakisha picha sita.

Avis


Leeds, 10 Januari 1963

Mdogo wangu Avis,

Salamu za mwaka mpya, zimechelewa. Nimeanza barua hii mara tano na mara tano nimeitia motoni. Angalau chumba kimepata joto kidogo. Theluji imetufunga tangu Krismasi. Mabomba yameganda, na Clive aliteleza kwenye ngazi ya mbele akiwa ameshika mkoba wa ofisi, akashuka ngazi zote tatu kwa makalio bila kuuachia. Rosalind atajifungua Juni. Sasa amenipa ruhusa kusema.

Sasa neno lenyewe. Ile habari ya kuitwa kula ilikuwa uongo. Nilijua ninachoandika, Avis. Nilipomaliza kusoma kwamba korongo amekugeuzia jicho, wewe, wiki tano tu na kamera mkononi, nilipanda kitandani na viatu vyangu. Mimi miaka kumi na moja, wewe wiki tano. Nilitaka uchekwe. Nilishaona hata maneno ambayo Bibi Thrupp angetumia kunisimulia, na nilishaandaa namna ya kukupa pole.

Ile barua ya tarehe 13 ilikaa kwenye mkoba wangu siku tatu. Kila siku nilitembea nayo mpaka mwisho wa mtaa na kurudi kama daktari alivyoagiza. Sanduku la posta liko katikati ya mtaa. Kwa hiyo nililipita mara sita kabla sijaitumbukiza, na nilipoitumbukiza nilijua imeshachelewa. Kioo cha baba hakikumwonea mtu.

Lakini hilo siyo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni lile la jikoni. Nakumbuka kila picha niliyoipiga bwawani, siku, saa, upande wa jua. Ukinitajia mwaka nitakwambia bata alikuwa wapi. Nukta sikuzikumbuka kabisa. Nilifikiri na kufikiri, na nikiziona nukta naziona zimeshabandikwa, hazina mtu. Nimekaa na wewe nyumba moja miaka yote hiyo.

Na zile slaidi tatu ulizonitumia Septemba sikuziangalia dakika moja au mbili. Niliziangalia mpaka jua likaondoka ukutani. Mkia ulikuwa umekatwa kweli, lakini hilo lingine lilikuwa uongo. Lango halikuinama.

Nisikudanganye tena: wivu haujaisha. Leo asubuhi nimeamka nao. Nikifikiria kikombe kiko karibu na chupa yako ya siki, naumwa meno. Lakini mwandikie katibu achonge jina lako, peke yake, kwa herufi kubwa. Korongo ni wa yule aliyetulia akamwacha aje.

Kamera ilifika salama. Niliiweka mezani mwezi mzima bila kuigusa. Kisha theluji ikaanguka, na juu ya ule ukuta akaja njiwa mmoja, mchafu, kilema wa kidole, akajikunyata kwenye ncha ya tofali. Nimezimaliza picha zako sita kwake. Nililala kifudifudi sakafuni, dirisha limefunguliwa, Clive akinipigia kelele juu ya joto linalotoka nje, nikashuka mpaka jicho langu likawa sawa na lake. Tano hazifai. Ya sita imo humu ndani.

Pasaka nitakuja, nyonga itake isitake, nitaliletea bwawa kamera yake. Wewe utapiga. Ile miguu mitatu nitaibeba mimi.

Njiwa nataka nimpeleke kwenye mashindano ya masika, kama atafaa. Utaona kwamba sijabandika kitu, kona zote nne ziko wazi. Karatasi nyekundu nadhani bado iko kwenye droo ya jikoni. Nibandikie.

Muriel